Mtandio Uliofumwa Edani

Mimi uzi nauza, sifumi. Watu wanashangaa. Duka limejaa nyuzi kutoka sakafuni mpaka darini, za pamba, za sufu, za kung'aa, za kila rangi aliyoumba Mungu na nyingine walizozua Wachina, halafu mwenye duka hashiki sindano. Si kwamba sijui. Nilifundishwa nikiwa mdogo na mkono haujasahau. Sitaki tu.

Siku hizi kufuma kumerudi. Wasichana wanakuja Kariakoo na simu mkononi, wananionyesha picha za vikofia na mikoba na viblauzi vya tumbo wazi. Juzi kaja mmoja mwenye adabu zake, akasema, "Shikamoo bibi. Naomba mabaki ya nyuzi, yale mnayotupa, nifume mtandio mwepesi wa kipindi hiki cha joto." Nikamwambia marahaba, mabaki sina. Na wakati nasema hivyo nilikuwa nimekanyaga mfuko mzima wa mabaki chini ya meza, na yeye anauona. Akatazama mguu wangu, akatazama uso wangu, akaondoka. Mimi nikabaki hapo kama mtu aliyepigwa kofi.

Basi ngoja niseme. Nawasemea wa rika langu, nyinyi mlioijua Dar kabla barabara ya Gerezani haijapanuliwa kupitisha mwendokasi. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona mahali nimekosea usinicheke, soma tu uendelee. Sikujengewa kitu na mtu mimi. Nilichonacho nimekitafuta. Lakini hili ninalolisema hapa sikulitafuta, lilinikuta, na sijawahi kulipatia dawa.

Tulikuwa tunakaa Gerezani, kwenye nyumba ya ukoo wa baba. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko. Nyuma ya ukuta walikuwepo mafundi wa mabati, wanagonga masanduku na karai tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Ukikaa nao muda unaacha kuwasikia. Ni pale wanaponyamaza ndipo unashtuka.

Baba alifanya kazi kwenye treni za bara. Alikuwa anaondoka, anapotea siku nyingi, halafu anarudi ananuka moshi na amebeba asali ya Tabora kwenye chupa. Na mama alikuwa na utaratibu wake. Baba akiwa safarini hajipambi. Wanja hapaki, udi hachomi, anajifunga kanga zake za kufulia na nywele zake zimetimka. Siku ya treni kurudi, nyumba nzima inanukia. Miguu ina hina, macho yana wanja, na mimi naogeshwa kwa nguvu mpaka ngozi inataka kutoka. Kwangu mimi mtoto, ndivyo dunia ilivyokuwa. Baba akiondoka rangi zinatoka nyumbani, baba akirudi zinarudi naye.

Safari moja baba hakurudi na asali. Aliletwa. Waliomleta walipita korido na machela, na mimi nikapelekwa haraka chumba cha mbele kwa mpangaji wetu, Mama Manka, mama wa Kichagga aliyekuwa na kibanda cha nyuzi na vifungo Kariakoo. Alinipa biskuti, akasimama mbele ya dirisha ili nisione, lakini alikuwa mwembamba. Niliona wanaume wametoka na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha kijani, wanakwenda mbio mbio wakipokezana mabega. Nikamuuliza wanapeleka nini. Akasema, "Baba yako amesafiri, mwanangu. Kula."

Sikulia. Kwa nini nilie? Baba kusafiri ilikuwa ndiyo kazi yake.

Baada ya hapo mama aliingizwa chumba cha ndani. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na amri ya nyumba. Alikuja na kapu, akakusanya wanja, udi, hina, chupa za marashi, pete, bangili, vyote. Kioo akakigeuza kikatazama ukuta. Mama akavaa nyeupe isiyo na ua, akakaa mkekani, asitoke hata uani isipokuwa kwa haja. Nilipouliza, shangazi alisema, "Mama yako yuko edani." Nikaelewa kabisa. Nikasema moyoni, kumbe safari ndefu ndiyo jina lake hilo. Safari fupi mama anaacha wanja tu. Safari ndefu wanamwondolea vyote na kioo kinageuzwa. Na siku ya mwisho vinarudishwa, maana siku hiyo baba anafika.

Hakuna aliyeniambia vingine. Watu wazima wanafikiri mtoto asiyeuliza ameelewa. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata jibu.

Kitu ambacho nyumba nzima ilikijua isipokuwa mimi ni hiki: eda ikiisha, mama alikuwa hana mahali katika nyumba ile. Kaka yake, mjomba wangu, fundi wa rejeta kule Buguruni, alikuwa amekwisha kumpangishia chumba. Swali lilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa swali lenyewe. Naondoka naye au nabaki? Sheria ilikuwa upande wa mama. Mtoto mdogo hukaa kwa mama yake, labda mama aolewe na mwanamume mwingine. Shangazi alikuwa hana mtoto. Tena nikibaki mimi, na fungu langu la nyumba linabaki. Sisemi alikuwa mwizi. Alinipenda, kwa mkono wake mzito ule. Lakini alinitaka, na mtu akitaka kitu anaanza kuokota sababu hata barabarani.

Kabla ya msiba mama alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, vile vyeupe vyenye ua katikati, na vya rangi kwa ajili ya maharusi. Alikuwa na sindano moja ya chuma, ndogo, ina ndoano nchani, imeng'aa kwa jasho la vidole. Edani kazi ilikatika. Bibi harusi gani atataka kitambaa kilichofumwa na mwenye eda? Lakini lilikuwepo kopo la maziwa ya unga limejaa mabaki, vidonge vya uzi wa pamba vya harusi zilizopita. Kidogo cheupe, kidogo cha rangi ya maziwa, pinki, samawati, kijani cha ndimu.

Ulikuwa msimu wa joto lile la Dar ambalo hata ukuta unatoka jasho. Mimi shingo yote ilikuwa harara. Chuoni, kwenye Kurani, mwalimu alikuwa hataki kuona kichwa wazi, na mtandio wangu ulikuwa kitambaa kizito kilichokatwa kwenye shuka, nikiuvaa nawashwa, nikiuvua nachapwa. Nikirudi mama alikuwa ananipaka unga wa muhogo shingoni, kimya, anapuliza. Siku moja, baada ya kunipaka, akavuta lile kopo, akamwaga vidonge mkekani, akaanza kuunga.

Nikamuuliza, "Mama, unafuma nini?"

"Mtandio."

"Kwa joto hili?"

"Ndiyo maana naufuma hivi. Tazama." Akainua kipande alichokwisha kufuma. Kilikuwa na matundu makubwa kama wavu wa dagaa, kila tundu limezungukwa na mnyororo mwembamba wa uzi. Akakiweka mdomoni akapuliza, pumzi yake ikanifikia usoni. "Upepo unapita. Sufu inachoma, pamba inapumua."

Hakusema wa nani. Hilo nalo lina sababu yake, nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima. Baba aliniahidi viatu vya Idi, akaondoka na ahadi mdomoni. Tangu hapo mama hakumwahidi mtu kitu kwa sauti. Alikuwa anafanya tu, kitu kikishakuwepo unakabidhiwa.

Na mimi sikuuliza wa nani kwa sababu nilijua. Pinki? Kijani? Samawati? Hizo ni rangi za siku baba anarudi. Mama anajitayarisha.

Nikawa nakaa naye kila nikitoka chuoni. Alinifundisha kuvuta uzi ndani ya uzi, kuficha fundo ndani ya mnyororo lisionekane. Mabaki yana shida hiyo, kila mara unafika mwisho. Unafuma kidogo, uzi unakwisha, unaunga mwingine wa rangi isiyofanana, unaendelea. Alikuwa hachagui rangi. Anatia mkono ndani ya kopo, kinachokuja ndicho hicho.

Siku nyingine akasema, "Naona umetosha huu." Akaulaza juu ya mapaja yake. Nikautazama. Ulikuwa mfupi! Baba atamkuta mama amevaa kitu kama leso?

"Bado, mama. Uwe mrefu."

"Mrefu mpaka wapi?"

Nikasimama nikamgusa kiunoni. "Mpaka hapa."

Akanitazama. Halafu akacheka. Enyi wenzangu, alicheka! Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu wanaume watoke na kitambaa cha kijani. "Haya," akasema, "watu wanakua. Tutaurefusha. Ila kopo limekwisha."

Nikasema nitaleta. Nikatoka mbio.

Mama Manka alikuwa ndio anarudi kutoka kibandani kwake, anavua viatu. "Mabaki? Yapo, mbona. Watu wanataka uzi wa harusi wanafungua kidonge, wanaona rangi siyo, wananiachia. Shika." Akanijazia pindo la gauni. "Mama yako anakula?"

"Anakula."

"Mwongo wewe. Mwambie Mama Manka amesema ale, la sivyo nitakuja mwenyewe na kijiko."

Nikapita korido nimebeba pindo kwa mikono miwili, mikia ya nyuzi inaburuta sakafuni. Shangazi alikuwa mlangoni kwake anachagua mchele.

"We mtoto, umebeba nini?"

"Nyuzi za mama."

"Hebu. Pinki?"

"Na kijani ipo, shangazi. Na hii kama ya mbinguni."

Akaweka ungo chini. "Mama yako anafuma nini na rangi hizi?"

"Mtandio."

"Wa nani?"

"Wake. Wa siku ya kutoka. Lazima apendeze."

Hakunikemea. Ningekuwa mkubwa ningeogopa. Alinivuta karibu, akaniweka sawa kola, akaondoa uzi ulioning'inia begani. "Haya mpelekee," akasema. "Usimwangushie."

Tangu siku hiyo chumba cha ndani kikapata wageni. Mmoja kaleta uji, mmoja kaja kuazima kinu ambacho hata hakikai humo. Wanaingia, wanampa pole, macho yanatembea mkekani. Wakitoka uani nawasikia, mimi nipo nacheza kombolela nyuma ya mapipa.

"Nimeuona kwa macho yangu. Unang'aa kama bendera."

"Mfiwa gani anafuma pinki?"

"Mume hajakauka kaburini, mwenzetu kashachagua vazi."

"Ana mtu huyo. Wallahi ana mtu. Mwanamke hafumi bure."

"Labda huko huko Buguruni, ndiyo maana kaka kakimbilia kupanga chumba."

Wakacheka kile kicheko cha kufunikwa na kanga. Niliyasikia yote. Nililoshika ni moja tu, kwamba mama ana mtu. Nikafurahi. Ni kweli anaye, nikasema, na yuko njiani.

Mtandio ukarefuka. Kila mama akisema umetosha mimi nasema bado, na kila nikisema bado anatabasamu na kuunga uzi mwingine. Mwishoni ulikuwa mwepesi vile vile ila mrefu kuliko kanga, ukiutupa juu unachelewa kushuka.

Siku ya kutoka eda ilianza na ubani. Bibi mmoja wa mtaani, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, alikuja alfajiri akamwogesha mama, akamvisha kanga mpya. Nguo zote alizokalia eda zikakunjwa pembeni. Hizo kwetu hazivaliwi tena na mwenyewe, anapewa yule aliyemwogesha aondoke nazo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuoga bila kulazimishwa. Nilisimama kibarazani natazama upande wa reli.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, na kofia yake ya kiua. Wa pili mjomba, na mkokoteni aliouacha nje. Wakakaa chumba cha mbele cha ukoo. Mama alikaa mkekani nyuma ya pazia la mlango, ndivyo ilivyokuwa heshima, mwanamke anasemewa, yeye anasikia. Mimi nikaitwa nikae katikati.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, "Shemeji amemaliza eda yake salama, tunamshukuru Mungu. Mtoto ni mdogo. Haki ni akae na mama yake, labda pawe na neno." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Kwa muda mfupi ule, kumbe, nilikuwa nakwenda Buguruni.

Shangazi akasema, "Neno lipo."

Akatoka, akarudi na mtandio. Aliukunjua katikati ya chumba. Zile rangi kwenye chumba kile cha watu wenye nyeupe na nyeusi, hata mimi nilishtuka, jinsi zilivyopiga kelele.

"Kaka, hiki kimefumwa edani. Siyo baada, edani. Mwanamke ambaye mumewe yuko chini anajifumia pambo. Kwa ajili ya nani? Leo anatoka, kesho anaolewa. Na mtoto wa ndugu yetu alelewe na mwanamume gani, tumjue?"

Mjomba akasema, "Dada, jibu."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, ndogo. "Wa mtoto huo. Ana harara. Nimemfumia wa chuoni."

"Wa mtoto!" Shangazi akapiga makofi. "Wifi, mtoto gani huyo, twiga?"

Mama Manka alikuwa amesimama koridoni, hakualikwa. Akaingiza kichwa. "Jamani, mabaki nimetoa mimi. Yalikuwa ya rangi hizo, angepata wapi nyeusi? Huyu mama hana mtu, mimi nalala ukuta mmoja naye."

"Mama Manka," baba mkubwa akamwambia kwa upole, "asante. Lakini haya ya eda nyinyi hamyajui."

"Sijui eda. Najua uzi."

"Tumekusikia, mama."

Basi. Kauli yake ikaishia pale, kama maji yaliyomwagwa mchangani. Mama akasema, na hii sauti yake ya pili ndiyo iliyonibaki masikioni, "Mvalisheni muone."

Shangazi akauchukua, akanitupia kichwani. Ukanifunika uso, ukanifunika mabega, ukashuka mpaka sakafuni na mwingine mwingi ukabaki umelala mkekani nyuma yangu kama mkia. Nilikuwa natazama watu kupitia matundu. Nikamwona mjomba ameinamisha kichwa. Sikuelewa kwa nini wananivalisha mimi kitu cha mama siku yenyewe ambayo yeye anakihitaji. Nikauvuta nikauvua. Nikapiga kelele, "Si wangu! Ni wa mama! Aliufuma wa kutokea, mimi ndiye niliyemwambia aurefushe!"

Nyuma ya pazia hapakutoka neno. Nafikiri ndipo alipoelewa kwamba miezi yote ile tulikuwa tunafuma mitandio miwili, yeye wake na mimi wangu, juu ya uzi mmoja. Angeweza kusema. Lakini ungesema nini? Mtoto mwenyewe kashahukumu, na mtoto hasemi uongo, ndivyo watu wanavyoamini.

Wengine wakisimulia mambo kama haya hujipiga kifua, wanaomba msamaha. Mimi sijilaumu. Nilikuwa mtoto, nilisema nilichokijua. Nawalaumu waliokuwa na ndevu na akili na wakaamua maisha ya mtu kwa kupima urefu wa kitambaa. Hilo nalisema bila kupepesa.

Baba mkubwa akakohoa, akasema mtoto abaki kwanza, mpaka mambo ya mama yake yajulikane yamekaaje. "Kwanza" hiyo haikuisha.

Vitu vya mama vilikuwa vichache, mkokoteni haukujaa. Alitoka mlango wa uani. Shangazi alimwambia, "Wifi, mwenye kutoka eda hatazami nyuma. Mkosi." Na mama hakutazama. Alipita kati ya mafundi wa mabati, nao kwa heshima wakaacha kugonga, na ule ukimya ndio uliofanya nijue kuna jambo. Nilimwita. Shingo yake ilikaza, niliona mishipa, lakini haikugeuka. Mimi nikasema, kumbe amenikasirikia.

Mtandio ulikwenda na zile nguo za eda, kwa yule bibi mwogeshaji, kwa kuwa shangazi alisema kilichofumwa edani ni cha edani. Baadaye niliuona mtaani. Alikuwa amefunikia sinia la vitumbua ili inzi wasitue.

Nikakaa kibarazani mpaka jua likageuka. Mama Manka akaja kukaa karibu yangu. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua, "Sasa baba akifika, atamkuta wapi mama? Atajua njia ya Buguruni?"

Alikuwa anamenya chungwa. Akaacha. "Nani kakwambia anafika?"

"Si eda imeisha?"

Akaweka kisu chini, akaniambia. Aliniambia kwa maneno machache, ya wazi, bila hadithi ya kusafiri wala nini. Wa kwanza na wa pekee katika nyumba ile. Nilimpiga ngumi, akaniacha nimpige. Kwa hiyo ukiniuliza wazazi wangu niliwapoteza lini, nitakwambia siku moja, alasiri moja, wote wawili, ijapokuwa mmoja alikuwa amekufa zamani na mwingine alikuwa hai, amekaa juu ya mkokoteni anapita Ilala.

Shule nilitolewa baadaye, shangazi alisema kusoma sana kunaharibu msichana. Nikahamia kibandani kwa Mama Manka, kupanga nyuzi. Yaliyofuata ni jasho langu na sina haja ya kuyahadithia. Shangazi nilimuuguza mimi mpaka mwisho wake, nikamfanyia yote. Hatukuzungumzia lile jambo. Na mama yangu, niliandike hili liwe limeandikwa mahali, hakuolewa. Hakuolewa mwaka ule, wala uliofuata. Mpaka anaingia kaburini hakukuwa na mwanamume. Hakuna aliyekwenda kumwambia samahani, wala mimi sikurudishwa, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kuzoea, walisema.

Mara ya kwanza kumwona tena mama ilikuwa Idi ya mwaka uliofuata. Shangazi alinipeleka Buguruni mwenyewe, nimevaa gauni jipya, akaniacha mlangoni akaenda kununua mkaa. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda, mkeka, kiti kimoja cha mbao. Mama alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, mikono ikaja mbele kidogo, halafu ikarudi ikashika kanga. Nadhani alikuwa anaogopa nitasema tena si wangu. Na mimi nilikuwa nangoja anikaripie kwa lile lililomfanya asigeuke. Tukasimama hivyo.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Akafuta kile kiti kwa upindo wa kanga, akanipa nikae. Yeye akakaa chini mkekani. Miguu yangu ilikuwa haifiki sakafuni. Akaniuliza shangazi yako hajambo, nikasema hajambo. Akaniuliza chuoni umefika wapi, nikamwambia. Aliniangalia shingo, harara ilikuwepo bado, akaangalia pembeni. Akamimina chai kwenye kikombe kilichokuwa na ua, kikombe cha pekee ambacho hakikuvunjika mkono. Akashika kijiko cha sukari, akakiinua, na kijiko kikabaki hewani.

Mama yangu, aliyenizaa, aliyenikorogea chai kila asubuhi ya maisha yangu mpaka siku ile ya mkokoteni, akaniuliza, "Unatumia sukari kiasi gani?"

Nikamwambia chochote tu, asante.